Mama Maktaba na Mgeni wa Jumanne

Mama Maktaba alikuwa na sauti kubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuajiriwa kulinda ukimya. Akimwambia mtoto wa benchi la nyuma anyamaze, fundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara alinyamaza pia. Ukutani alibandika karatasi iliyoandikwa TAFADHALI KIMYA, na chini ya karatasi hiyo ndipo alipoweka kiti chake, akazungumza kutwa. Siku moja nilimwuliza kama haoni kasoro yoyote hapo. Akanijibu kwamba karatasi ni ya wanaosoma, na yeye hasomi, yuko kazini.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu huku kwetu Magogoni, Kisauni, chenye madirisha manne na feni moja, kando ya duka la Mwanaidi, mshonaji. Watu wa kisiwani, Mombasa mjini, wana maktaba yenye ngazi na mlinzi wa getini. Sisi tulikuwa na Mama Maktaba. Jina lake halisi tulilijua, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Hata mumewe, Mungu amrehemu, alipomletea chakula cha mchana alisimama mlangoni akaita, "Maktaba!" naye akaitika, "Abee!" na wasomaji wote wakainua vichwa.

Mimi nilifika pale nikiwa kidato cha tatu. Baba alikuwa ametoka bara kuja kufanya kibarua bandarini, na Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuwa cha kutosha kununulia unga. Nikaenda moja kwa moja hadi mezani pake nikasema, "Nataka ile kitabu ya kemia."

Alinitazama. "Toka nje."

Nikatoka.

"Rudi. Ingia. Salimia watu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wataka nini, mwanangu?"

"Ile kitabu ya kemia."

"Toka nje."

Mara ya nne nilisema kile kitabu cha kemia. Akanipa, akaniambia kwamba chenyewe kimepitwa na wakati na nusu ya mambo yaliyomo hayaulizwi tena kwenye mtihani, ila sasa angalau najua kukiomba. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa, na kwa namna moja au nyingine sikuacha kurudi hata nilipokuwa mtu mzima mwenye mke na kazi ya ukarani kwenye ghala la makontena.

Vitabu vilipofika kutoka kisiwani vilikuwa na namba mgongoni, kila namba na mahali pake. Mama Maktaba alizijua namba hizo, aliwahi kusomea kazi hiyo na cheti alikuwa nacho. Lakini alisema hajawahi kumwona mtu akiingia Magogoni akiulizia namba. Kwa hiyo rafu zake alizipanga kwa watu. Kulikuwa na rafu ya Wenye Mtihani, rafu ya Wenye Maradhi, rafu ya Wafugaji na Wapishi, na rafu ya Wasio na Haraka, ambamo aliweka riwaya zote. Iliyochakaa kuliko zote ilikuwa rafu ya Wenye Kesi. Huku kwetu si rahisi kumpata mtu anayekaa kwenye kiwanja ambacho hakuna mwingine anayedai ni chake, na kitabu cha sheria za ardhi kilishikwa na mikono mingi hadi herufi za jaladani zikafutika. Hakuna aliyekikosa. Kilijulikana kwa harufu ya samaki, kwa kuwa kiliwahi kukaa mwezi mzima kwa muuza papa.

Aliyaboresha mambo kwa njia zake. Mabenchi aliyapata kwenye shule ya chekechea ya kanisa fulani ilipofungwa. Yalikuwa ya watoto wa miaka minne, na kwa muda wa wiki kadhaa wazee wetu walisoma magazeti magoti yakiwa usawa wa masikio. Hawakulalamika kwa kuwa alikuwa amewaambia wasilalamike. Kisha akamleta seremala akaongeza miguu, mbao nyeupe chini ya mbao nyekundu, na hivyo ndivyo mabenchi yalivyobaki. Bati lilipovuja upande wa Wenye Maradhi, hakuihamisha rafu. Aliwahamishia Wasio na Haraka pale, akisema wao watasubiri mvua ipite.

Kisa cha balbu kila mtu Magogoni anakijua, lakini nitakieleza kwa faida ya wa mbali. Aliiandikia idara ya maktaba barua akiomba balbu nne. Akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Akaandika tena, likapokelewa tena. Baada ya barua ya sita au ya saba aliandika barua ya shukrani. Aliishukuru idara kwa balbu nne zilizofika salama, akasema wanafunzi wanasoma hadi saa mbili wakiwaombea dua wakubwa wote, na nakala akampelekea bosi wa bosi. Wiki hiyohiyo alikuja mtu na pikipiki, mbio, ana balbu nne mkobani. Alizifunga mwenyewe, akaondoka bila kuomba sahihi.

Wala usidhani alikuwa mtu wa vitabu kwa maana ile unayoifikiria. Hakuwahi kumaliza kitabu. Alisoma kurasa ishirini za mwanzo za kila kimoja, akafunga. Alisema mkutubi akijua mwisho atausema tu, hawezi kujizuia, na yeye mdomo wake alikuwa anaujua. Aliwafokea watoto waliokunja pembe za kurasa, lakini yeye alikula mahamri juu ya magazeti ya wiki na ukitaka habari za michezo ulizisoma kupitia doa la mafuta. Jumapili aliimba kwaya kanisani kwao Frere Town, sauti ya kwanza, kwa makosa. Siku za kazi alifungua na kufunga kwa adhana ya msikiti wa jirani, kwa kuwa saa ya ukutani ilikuwa imekufa na muadhini, kama alivyosema, hahitaji betri.

Sasa nifike kwenye suala la kuazima, kwa sababu ndilo lililomponza.

Daftari la kuazimia lilikuwapo. Lilikuwa safi kabisa. Kanuni ilitaka kila anayechukua kitabu aandikwe jina, kitambulisho, anakoishi, na tarehe ya kurudisha. Alijaribu mwaka wa kwanza. Aligundua kwamba ukimfungulia mtu wa Kisauni daftari na kutoa kalamu, mtu huyo hukumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Kwa hiyo akalifunga. Ulichukua kitabu kwa maneno tu. Ukimaliza hukukirudisha, ulimpa jirani aliyekitaka, kisha ukapita kumwambia Mama Maktaba kimekwenda kwa nani. Aliyekuwa nacho alimwita mwenyeji, na kitabu akakiita mgeni. Rafu zake kwa hiyo zilikuwa na mapengo makubwa siku zote, na ukimwuliza kitabu fulani kiko wapi alijibu papo hapo, bila kutazama popote: "Kiko Junda, kwa yule mwenye mbuzi. Mwambie nimekutuma."

Kila Ijumaa mchana alifunga mapema, akarudi kwao kwa miguu kupitia vichochoroni, akiita juu ya nyua za makuti.

"Mama Kadzo! Yule mgeni wangu bado yuko kwako?"

"Yuko, mama!"

"Kafika ukurasa wa ngapi?"

"Wa arobaini! Kuku wameanza kuugua!"

"Basi usimwache njiani, dawa iko ukurasa wa sitini!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sensa yake. Kulikuwa na watu, na sitawataja kwa kuwa baadhi yao ni jamaa zangu, waliosema mama huyu anagawa mali ya serikali na haitarudi. Walisema karanga za Junda siku hizi zinafungwa kwa karatasi zenye michoro ya moyo wa chura. Alipoyasikia alicheka kwa sauti hadi fundi wa baiskeli akaja kuuliza kuna nini. Alisema anajua kila kitabu kinalala wapi. Tulimwamini, sisi sote. Hakuna mtu aliyekuwa na uhakika wa jambo kuliko yeye na vitabu vyake.

Kisha kaka yake akafariki, yeye akaenda Kaloleni matangani, na akiwa huko barua ikafika.

Niliifungua mimi. Nilikuwa katibu wa kamati ya maktaba, cheo nilichopewa kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Barua ilisema kuna ofisi nyingine inayohitaji nafasi upande huu wa Mombasa bara, na kwamba Jumanne atakuja afisa kuitathmini maktaba yetu aone kama chumba kibaki cha vitabu au kipewe hao wengine. Ilikuwa Ijumaa. Simu ya Mama Maktaba haikupatikana, kijiji kizima cha kaka yake hakina mtandao isipokuwa juu ya mnazi mmoja.

Nikamwonyesha Mwanaidi, ambaye alikuwa mweka hazina wa kamati isiyo na hazina. Akaisoma akiwa na pini mdomoni. Akazitoa pini.

"Basi mgeni aja," alisema.

"Anakuja."

"Na nyumba yenyewe wallahi yaonekana kama tumeibiwa. Atazame rafu zile, aone matundu tu."

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nataka ieleweke kwamba lilikuwa langu, si la Mwanaidi wala la kamati. Nilisema: vitabu vyote virudi nyumbani. Kila kimoja. Tuvipanguse, tuvijaze, mgeni akute rafu zimejaa kutoka mwanzo hadi mwisho, aone tuna maktaba ya kweli kama ya kisiwani.

Tangazo niliandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu huo unaosomeka. Likasomwa makanisani Jumapili. Mwanaidi akawaambia wanawake wa darsa, nao wakaambiana. Likazunguka kwenye simu za watu wote, na wasio na simu wakaambiwa na watoto. Na vitabu vikaanza kuja. Vilikuja kwenye vikapu, kwenye mikokoteni, kwenye tuktuk iliyojaa hadi dereva akakaa upande. Vilitoka Junda, Mtopanga, Frere Town. Mwenye mbuzi alileta vitatu. Mwanamke mmoja alileta kitabu cha uzazi akasema watoto wenyewe waliozaliwa kwa kitabu hicho sasa wako sekondari. Tulivipangusa kwa kitambaa kibichi, tukavifunika kwa magazeti vilivyochanika, na Jumatatu jioni tulipomaliza hakukuwa na nafasi ya kuingiza hata kijitabu cha nyimbo. Nilisimama katikati ya chumba nikajisikia kwamba nimefanya jambo kubwa maishani.

Kisha nikafanya la pili. Kwetu, mgeni wa heshima akija, watoto hutolewa sebuleni waende wakacheze nje, ili apumue. Tumelelewa hivyo sote, wa bara na wa pwani. Nikaongeza mstari kwenye tangazo nililobandika mlangoni, nao ukazunguka kwenye simu: Jumanne wasomaji wasije, mgeni apate nafasi na utulivu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Ilionekana ni adabu ya kawaida.

Mama Maktaba alishuka garini asubuhi ya Jumanne moja kwa moja kutoka matangani, kitambaa cheusi kichwani na mfuko mkononi. Tulikuwa mlangoni, mimi na Mwanaidi, tumevaa vizuri. Aliingia. Alisimama. Akapita kwenye rafu moja baada ya nyingine, polepole, akigusa migongo ya vitabu kwa kidole, na hakusema neno. Sijawahi kumwona kimya kiasi kile. Mwanaidi alinifinya mkono. Tulidhani amefurahi.

Alipofika mwisho wa rafu ya mwisho aligeuka.

"Watu wako wapi?"

"Tumewaambia wasije, mama," nilisema. "Kuna mgeni."

"Nani kasema wasije?"

Nilifungua mdomo, na Mwanaidi akaniwahi. "Sote, mama. Tulikaa tukaona hivyo."

Alitutazama mmoja mmoja. "Haya," alisema, akarudi tena kwenye rafu ya kwanza.

Afisa alikuja akakuta chumba kinang'aa. Alikuwa mtu mpole mwenye viatu safi. Mwanaidi alimletea madafu na viazi vya karai, akavila vyote. Alitembea huku na huku katika ukimya, na kwa mara ya kwanza ile karatasi ya ukutani ilikuwa inasema kweli. Alitoa kitabu kimoja, akapuliza, hakikuwa na vumbi. Akaomba daftari la kuazimia, akafunua kurasa zake nyeupe. "Pazuri," alisema. "Panatunzwa sana hapa." Tulimsindikiza hadi garini, tukampungia mikono.

Wiki mbili baadaye barua ilikuja. Ilisema chumba kiko katika hali bora kabisa, vitabu vimekamilika na havijaguswa, na wasomaji hakuna. Kwa hiyo kinafaa sana kwa ofisi nyingine. Tulikuwa tumemfanyia usafi mpangaji mpya.

Nilikwenda kazini siku tatu bila kula chochote. Wanafunzi wa mtihani wa mwisho walikuwa wamebakiza wiki chache, na wengi wao wanaishi chumba kimoja na wazazi, wadogo zao, jiko na redio. Hawakuwa na pahali pengine pa kusomea. Mimi mwenyewe nisingemaliza shule bila benchi lile la miguu ya rangi mbili. Na nilikuwa nimelitoa kwa mikono yangu, na kwa mwandiko wangu, kwa sababu niliona aibu ya matundu kwenye rafu. Nilitaka kumwambia Mama Maktaba kwamba ni mimi. Nilijitayarisha mara nyingi. Kila nilipofika mezani pake aliniambia niketi niandike, kwa kuwa alikuwa anatunga rufaa na mwandiko wake yeye hausomeki.

Rufaa iliomba jambo moja tu: afisa arudi, na safari hii asiseme anakuja lini.

Wiki zikapita. Vitabu, bila shaka, vilikuwa vimekwisha kuondoka. Siku ileile ya Jumanne, gari la afisa halijafika njia panda, mwenye mbuzi alikuwa keshaingia kuchukua vyake vitatu. Afisa aliporudi, Jumamosi, karibu na mitihani, alilazimika kuomba njia mlangoni. Watu walikuwa kwenye mabenchi, kwenye madirisha, sakafuni, wengine wamesimama wakisoma kwa zamu gazeti moja. Mama Maktaba alikuwa anamfokea mtu. Afisa alifurahi kweli, nilimwona usoni. Kisha akatazama rafu.

"Mama, vitabu viko wapi?"

"Kwa wenyeji wake."

"Vimeandikwa wapi?"

Akagonga paji la uso kwa kidole. Afisa, mtu mpole, aliandika.

Kwa hiyo ripoti ya kwanza ilisema tuna vitabu lakini hatuna wasomaji, na ya pili ikasema tuna wasomaji lakini hatuna vitabu. Wakubwa walizisoma zote mbili kwa makini. Wakaamua kwamba chumba kibaki maktaba, na vitabu vipya viletwe. Na wakataka kujua kutoka kwa mkutubi kwa maandishi mali ya umma imekwenda wapi, maana kwa orodha ya idara kulikuwa na vitabu mia nane na kumi na viwili, na afisa alikuwa ameona sabini.

Tukaandika kwamba ripoti yao wenyewe ya kwanza inasema vitabu vimekamilika. Wakajibu kwamba hilo ndilo linalowasikitisha, kuwa vimepotea vyote ndani ya muda mfupi hivyo.

Nilimkimbilia Mama Maktaba. "Tuvirudishe," nilimwambia. "Siku tatu tu. Tulifanya mara moja, tutafanya tena. Waje wahesabu."

Alikuwa anamenya chungwa. Alilimaliza kulimenya kwanza.

"Tukivirudisha watasema hakuna wasomaji."

"Lakini tusipovirudisha, mama, watasema umevipoteza."

"Basi waseme hivyo," alisema. "Hilo ni langu peke yangu. Lile la kwanza ni la watoto." Akanikatia kipande cha chungwa. Sikuweza kukila, nilikishika tu mkononi hadi nikafika nyumbani.

Walimstaafisha kabla ya wakati wake, kwa barua iliyotaja uzembe. Miaka ishirini na miwili. Hakukuwa na sherehe, kwa kuwa haifanywi sherehe ya uzembe. Mwanaidi alimshonea gauni la maua, akalipokea, akauliza kama lina mfuko.

Maktaba ipo hadi leo. Ina kompyuta tatu, mkutubi mpya kijana mwungwana kutoka bara ambaye hapigi kelele, na vitabu vina namba na vinafuata namba hizo. Saa ya ukutani inafanya kazi. Wanafunzi wamejaa, na kila nikipita nawachungulia. Mama Maktaba yeye alihamia kwa bintiye upande wa Junda, na nikakaa karibu miaka mitatu bila kumwona. Nilisema kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba nilimwogopa.

Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, nikasikia hodi. Mtaa mzima uliisikia. Alikuwa yeye, amepungua mwili, gauni lile la maua, na karatasi mkononi. Nilimwamkia, nikamkaribisha barazani, mke wangu akaleta chai.

"Nimekuja unitilie sahihi," alisema. "Nataka kujiunga na maktaba."

"Maktaba ipi, mama?"

"Kwani ziko ngapi?"

Ilikuwa fomu ya uanachama. Mkutubi mpya hakumjua, na kanuni ilitaka mdhamini, mkazi anayejulikana, athibitishe kwamba mwombaji ni mtu wa kuaminika na atarudisha vitabu. Nilisoma mstari ule mara mbili. Nilishika kalamu, nikaiweka chini tena.

"Mama," nilisema, "ile Jumanne. Ya mgeni. Si kamati iliyoamua. Ni mimi. Vitabu kurudi, watu wasije, yote mimi."

"Najua. Andika, chai yapoa."

"Ulijua?"

"Tangazo lilikuwa mlangoni. Mwandiko wako si naujua tangu kemia?"

Niliweka sahihi. Aliichukua fomu, akaitazama, akaikunja mara mbili. Nilidhani ataondoka. Badala yake alizungumza, na kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kwamba anayo.

"Niliposhuka garini siku ile, mgeni alikuwa bado. Nilikuwa na saa nzima na zaidi. Ningesimama mlangoni nikaita mara moja tu, chumba kingejaa. Wanijua mimi. Wewe hukujiuliza kwa nini sikuita?"

Nilimwambia sikuwahi kujiuliza.

"Nilikuwa navihesabu," alisema. "Miaka yote ile watu wanasema vimekwisha, vinafungiwa karanga, nami nawajibu najua kila kimoja kiko wapi. Nilikuwa sijui, mwanangu. Nilikuwa nasema tu. Nilikuwa nikimwambia mtu kiko Junda, moyo unanidunda isiwe hakiko. Siku ile nikaingia nikavikuta. Nikahesabu mara ya kwanza, sikuamini. Nikarudi nikahesabu tena. Mia nane na kumi na tatu. Vyote, na kimoja ambacho si chetu."

Alikunywa chai yake yote kwanza.

"Ningewaita watu," alisema, "wangevichukua kabla sijamaliza."

Akaaga, akashika njia ya maktaba na fomu yake mkononi. Nilibaki barazani nalia, mtu mzima, asubuhi kweupe, majirani wanapita. Mke wangu akatoka akaniuliza karatasi ile aliyoileta mama ilikuwa ya nini. Nikamwambia ya kuazima vitabu.